Kilio Ndani ya Spika

Zuhura alisimama mlangoni pa baa pale Katoro, mkono mmoja kinywani, mwingine umeshika nguzo ya turubai. Alikuwa ametoka Shinyanga kwa basi la alfajiri kuufuata wimbo ambao watu walimwambia una sauti anayoijua. Hakuamini. Sasa ameusikia kwa masikio yake.

Ndani ya spika mbili kubwa kama makabati, katikati ya ngoma na kinanda, mwanamke alikuwa analia.

"Ng'wanawane! Ng'wanawane weee!"

Mwanangu, mwanangu wee. Kisha ngoma. Kisha kilio tena, kimekatwa, kimerudishwa, kimekatwa, kimerudishwa, kama mtu anayevutwa nywele kwa mdundo.

Na watu walikuwa wanacheza, jua la saa nane likiwaka nje.

Laiti wangecheza tu! Walikuwa wameutungia na mtindo. Kilio kikianza, kila mmoja anaweka mikono kichwani kama wafanyavyo wafiwa jeneza likitolewa ndani, huku kiuno kinazungushwa. Kikirudi, wanajitupa magotini. Kijana mmoja mchimbaji, vumbi la karasha la kusagia mawe limemjaa mpaka kwenye kope, alijigaragaza sakafuni akijifanya amezimia. Wenzake wakampepea kwa kofia, wakicheka hadi machozi yakawatoka.

Zuhura alisikia mate yanamjaa mdomoni. Akakimbilia nyuma ya kreti za soda, akainama, akatapika chai yote aliyoinywa stendi.

Mkono ukamshika paji la uso kutoka nyuma, vile mama anavyomshika mtoto anayetapika. Alikuwa mhudumu wa baa, mwanamke mnene aitwaye Martina. Hakuuliza jina wala shida. Alimpa maji asukutue, akamfuta mdomo kwa pindo la kitenge chake mwenyewe.

"Una mimba, dada?"

"Sina."

"Basi ni huo wimbo," Martina akasema polepole. "Hata mimi ulinikaa hapa." Akagusa koo. "Nina kaka alifia shimoni. Ila wateja wanautaka, na bosi anawataka wateja. Ukianza tu, mimi nakimbilia jikoni kumenya viazi. Viazi vya hapa vimenyewa mpaka vimekwisha."

Zuhura alijaribu kutabasamu, midomo ikakataa.

Yule mama aliyekuwa analia ndani ya spika, Zuhura alikuwa anamjua. Siku alipolia, walikaa mkeka mmoja.

*

Zuhura ni mtunzi wa muziki. Alianza kwa kupiga kinanda kwenye harusi za Shinyanga, akiwa binti aliyejifunga mtandio mpaka usoni ili shangazi zake wasimtambue. Kutoka harusini akaingia kwenye filamu. Kwa miaka mingi, filamu zilizopigwa ukanda huu zimepita mikononi mwake. Mke akifukuzwa na mama mkwe, filimbi ile ni yake. Jambazi akivuka barabara, ule mdundo wa chini unaokutisha tumboni ni wake. Makundi ya ngoma nayo yakamfuata awarekodie nyimbo zao, na yeye akajifunza kwao, akawa anachanganya ngoma za Wasukuma na kinanda chake mpaka wazee wakasema mtoto huyu wa Kiislamu wa mjini ana sikio.

Kazi yake ya karibuni ilikuwa filamu ya maduara, yale mashimo ya dhahabu. Ilihusu vijana wanaoingia chini bila magogo ya kuzuia udongo, na mama zao wanaobaki juu. Mwenye filamu ni Sostenes, mtu wa Geita, mfupi, mwenye maneno laini kama mlenda.

Filamu ile ilikosa kitu kimoja, kilio. Waigizaji walilia kama watu wanaodai chenji. Ndipo Zuhura akamwendea Mama Loveness, mkulima wa kijiji cha jirani na Katoro, ambaye mwanawe Amosi alifukiwa na kifusi.

Mama Loveness alifikiri sana. Kisha akapanda basi hadi Shinyanga, na alipoingia studio akakikataa kiti.

"Kilio hakiliwi kwenye kiti," alisema. "Tandikeni mkeka. Na mtu halii peke yake. Nani anakaa na mimi?"

Zuhura akavua viatu, akakaa naye. Mpiga ngoma wake, Ngusa, alikaa pembeni karibu na mashine ya kurekodia. Mama yule alipolia, alilia kweli, na Ngusa akageukia ukuta, mabega yakimtikisika.

Kilipokwisha, Mama Loveness akajifuta uso. "Hii sauti itasikika wapi?"

"Pale jeneza linapoingia nyumbani, mama. Hapo tu."

"Hapo tu?"

"Hapo tu."

Wakashikana mikono. Wakala ugali pamoja, na kwenye sahani ya samaki mama yule aliutafuta mnofu mzuri kuliko yote, akausukuma upande wa Zuhura. "Kula wewe. Umelia na mimi."

Mkono uleule uliotoa ahadi ndio sasa ulikuwa umeshika kreti za soda.

*

"Huyo hapo! Jamani, mtunzi mwenyewe huyo!"

Aliyepiga kelele ni mpiga muziki wa baa, kichwa kimetokeza dirishani. Kabla Zuhura hajajua la kufanya, watu walishamzunguka.

"Dada Zuhura! Umetisha!"

"Mtunzi wa Msiba! Mnyanyueni!"

Wimbo wenyewe, kumbe, wameupa jina la Msiba. Wakamnyanyua juu juu kama bibi harusi. Harufu ya jasho na bia ikampanda puani. Kijana mmoja akamsogezea simu sikioni.

"Sikiliza, dada. Mke wangu akinipigia, inalia hivi."

Ng'wanawane weee.

"Zima," Zuhura akasema.

"Eti?"

"Zimeni! Huyo ni mama wa mtu! Alifiwa!"

Kisha kijana akapiga makofi. "Mnaona? Hata akiongea ni msiba mtupu! Msanii huyu!"

Wakacheka. Wakamshusha kwa heshima zote na kumpangusa vumbi begani. Hilo ndilo lililomtia kichefuchefu kuliko yote, kwamba walikuwa wanampenda.

"Nani amewaletea wimbo huu?" akamuuliza mpiga muziki.

"Bosi Sostenes. Yuko kule nyuma, anakula."

*

Sostenes alikuwa peke yake mezani, mbele ya sinia la mbuzi choma. Mafuta yalimtiririka mpaka kwenye kifundo cha mkono, naye akayafuata kwa ulimi.

"Msanii wangu! Karibu, kaa. Mhudumu, mletee soda mtu huyu!"

"Sikai. Sostenes, kile kilio."

"Kinatisha, eeh?" Akachagua ubavu. "Watu wa Dar wamenipigia. Wanataka uwatungie muziki wa tamthilia nzima ya runinga. Nzima, Zuhura! Miaka yote unapiga filimbi za mama mkwe, nani alikujua? Leo Katoro yote inakuita jina."

"Nilimwahidi yule mama kitasikika mahali pamoja."

"Uliahidi wewe. Spika haikuahidi."

Akauvunja ubavu kwa meno. Zuhura aliusikia mfupa ukilia.

"Umemla yule mama, Sostenes. Kama unavyokula hapo."

"Polepole, dada." Sostenes hakukasirika. Watu wa aina yake hawakasiriki wakiwa wanakula. "Kwanza, si mimi niliyekikata. Kata, rudisha, kata, rudisha, hiyo ni kazi ya vidole vyangu? Mimi hata vocha naingiziwa na mke wangu. Nililetewa kazi imekwisha, nikaitoa sokoni tu."

"Nani alikuletea?"

"Mtu wako mwenyewe. Ngusa."

Zuhura akakamata ukingo wa meza.

Ngusa! Mpiga ngoma aliyekula kwake, aliyelala studio kwake alipofukuzwa na baba mwenye nyumba, ambaye yeye Zuhura alimfundisha mashine ile kitufe kwa kitufe. Ngusa aliyegeukia ukuta akalia.

"Unasema uongo."

"Nenda kamuulize. Leo alasiri ana mashindano ya ngoma, uwanja wa kule karibu na mialo. Na huko hatapiga hiki cha kukatwakatwa." Sostenes akalamba kidole. "Ana kile kizima. Tangu mwanzo mpaka mwisho. Aliniambia mwenyewe."

Mialo ni pale wanapooshea mchanga wa dhahabu. Na nyuma ya mialo, mwendo wa kuitana tu, ndicho kijiji cha Mama Loveness.

Sostenes akanyoosha mkono waagane, mkono unaong'aa mafuta. Zuhura aliutazama. Akageuka, akaondoka bila kuugusa.

Mlangoni Martina alimkimbilia, akamtia mfukoni viazi viwili vya kuchemsha vilivyofungwa kwenye gazeti. "Utapata nguvu," akasema, akarudi ndani kabla hajashukuriwa.

*

Dereva wa bodaboda aliitwa Selestine. Alikuwa anapiga mbinja wimbo uleule.

"Tafadhali, kaka. Huo usiupige."

Selestine akamtazama kwenye kioo, akaona macho yake, akanyamaza. Mbele kidogo, lori la mawe lilipowatimulia vumbi, akasimamisha pikipiki, akavua koti lake na kumpa ajifunike. Walipofika hakuondoka.

"Nakusubiri," akasema. "Inaonekana utahitaji kurudi haraka kuliko ulivyokuja."

Uwanja ulikuwa umefurika. Mavuno yamekwisha, pamba imeuzwa, na huu ndio msimu wa ngoma. Mwenye kuzijua ngoma za Usukuma anajua mashindano yanavyokwenda. Makundi mawili hucheza kwa wakati mmoja, kila moja upande wake wa uwanja, na hakuna mwamuzi. Watu husimama katikati, na anayewavutia ndiye wanayemfuata. Jua likitua, kundi lenye watu wengi ndilo lililoshinda, na lile jingine linafungasha ngoma zake kwa aibu.

Upande wa magharibi lilikuwa kundi la Kimbunga, na mchezaji wao alishavishwa chatu shingoni. Upande wa mashariki lilikuwa kundi la Ngurumo, na manju wake, kiongozi wa wimbo na ngoma, alikuwa Ngusa. Amefunga njuga miguuni, uso umepakwa unga, na nyuma yake kuna spika mpya.

"Mwalimu!" Ngusa alimrukia kwa furaha. "Umekuja kuniona nikishinda!"

"Ngusa. Siku ile ulilia. Nilikuona."

Furaha ikapungua usoni mwake. "Nililia, mwalimu."

"Yalikuwa machozi ya nini?"

"Ya kweli. Naapa. Ndiyo maana nikajua."

"Ukajua nini?"

"Kwamba hakuna mtu anayeweza kusimama mbali na kilio kile." Akasogea karibu, akaongea kama anayetoa siri nzuri. "Wewe ni mtu wa mjini, mwalimu. Sisi huku mwano ukipigwa, ile sauti ya kuita watu kwenye shida, unaacha chungu motoni. Unaacha jembe, unaacha mke, unakimbia. Tumezaliwa hivyo. Wale Kimbunga wana chatu na wana mganga wa kuwavutia watu. Wametushinda miaka yote. Lakini miguu ya Msukuma, ikisikia kilio, haiulizi ruhusa kwa mwenyewe. Itakuja kwangu."

"Umeufanya msiba wa mtu kuwa dawa ya mvuto."

"Na ni dawa inayofanya kazi."

Zuhura alimtazama kana kwamba anamwona akila kitu kilichooza. Uso alioupenda kama wa mdogo wake ulikuwa mbele yake, na alitamani aende akanawe.

"Nipe, Ngusa. Mama Loveness anakaa pale nyuma. Atasikia."

"Hayupo. Nimeuliza. Amekwenda Chato kwa dada yake, kumwuguza. Mwalimu, nami nina moyo. Angekuwepo nisingethubutu."

Alisema kweli, na aliamini kwamba kwa kusema hivyo amejitakasa. Zuhura akafungua kinywa. Filimbi ikapulizwa.

*

Ngoma zikalipuka pande zote mbili.

Mwanzoni watu walimwagika kwa Kimbunga. Mchezaji alimbusu chatu mdomoni, wanawake wakapiga vigelegele, watoto wakapanda juu ya mabega ya baba zao. Upande wa Ngurumo wakabaki wazee wachache na mbuzi aliyepotea njia.

"Ngusa, nakuomba!" Zuhura akapiga kelele. "Kama niliwahi kukupa hata sahani moja ya chakula!"

Ngusa alimsikia. Akasita. Akatazama upande ule uliojaa, akatazama upande wake mtupu.

Akainua mkono.

Kilio kikatoka.

Hakikuwa kimekatwa safari hii. Kilianza chini, kama mtu anayeinua mzigo, kikapanda, kikapasuka juu ya uwanja wote. "Ng'wanawane! Uliniambia unarudi kula!"

Uwanja uligeuza kichwa kimoja. Bibi mmoja akaangusha kapu la karanga. Wauza nyanya wakaziacha nyanya. Wanaume waliokuwa wanacheka walikimbia kabla hawajajua wanakimbilia wapi. Miguu iliwachukua, kama Ngusa alivyosema. Wakafika mbele ya spika wakihema, macho yametoka, wakitafuta maiti.

Wakaona ngoma.

"Aaah! Kumbe ni Msiba! Msiba wenyewe!"

Kicheko cha watu waliotoka kwenye hofu ni kikubwa. Wakacheka, wakapigana makofi mgongoni. Mikono ikapanda vichwani, viuno vikaanza. Upande wa Kimbunga akabaki chatu na mwenye chatu.

Zuhura alisukuma kuifikia mashine, akarudishwa. Alisukuma tena, kiwiko kikampiga mdomoni. Kila alipogeuka ni mikono kichwani na meno, mikono kichwani na meno.

Ndipo watu waliokuwa upande wa barabara wakaanza kupisha.

Mwanamke alikuwa anakimbia. Alikuwa peku, kanga ameifunga kibwebwe kiunoni, kama wanawake wanavyoifunga wanapokwenda kushika kazi msibani. Nyuma yake, barabarani, basi lililotoka Chato lilikuwa limesimama mlango wazi, na furushi la dagaa limepasuka mavumbini.

Mama Loveness!

"Nani amefiwa?" alikuwa anauliza. "Jamani, nani amefiwa? Nimesikia nikiwa ndani ya gari!"

Akaingia katikati ya wachezaji, akawashika mikono mmoja mmoja.

"Mama yule analia peke yake. Kwa nini hamkai naye? Yuko wapi?"

Zuhura akaelewa. Mama huyu hakuwa ameitambua sauti yake mwenyewe! Na angeijuaje? Nani amewahi kukisikia kilio chake akiwa nje yake? Mama Loveness alisikia mwenzake anaumia, akashuka garini, akaacha dagaa zake, akaja kumlilia.

Akazunguka nyuma ya spika, akitafuta mfiwa.

Watu wakaangua shangwe.

"Mwigizaji! Ngusa kaleta na mwigizaji!"

"Anajua huyo mama! Mtazame alivyofunga kanga!"

"Mtuzeni! Mtuzeni!"

Mtu akambandika noti kwenye paji la uso. Iling'ang'ania jasho lake, ikaning'inia pale, na yeye hakuitambua wala kuitoa. Macho yake yalikuwa yanatafuta.

Ngusa alimwona. Unga usoni mwake ukawa mweupe maradufu. Kinywa kilifunguka, lakini mkono wake haukujua uende wapi.

Zuhura hakusukuma tena. Aliinama, akapita kwa magoti katikati ya miguu na njuga na vumbi, akaufikia waya wa spika, akauchomoa.

*

Njuga ya mwisho ililia, ikaacha.

Zuhura alisimama, mdomo unavuja damu, waya mkononi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu." Mama Loveness aliangaza uso kwa kumwona mtu anayemjua. "Na wewe umekuja? Umefanya vema. Nani amefiwa? Mbona amenyamaza? Amezimia?"

Zuhura akanyoosha mkono, akaitoa ile noti pajini mwake, taratibu, kama mtu anayemtoa mtoto tongotongo. Uongo ulikuwa karibu na ulikuwa rahisi. Mama huyu asingejua kamwe.

"Ni wewe, mama," akasema. "Ile ni sauti yako. Ya siku ile kwenye mkeka."

Mama Loveness alimtazama. Akaitazama spika. Akawatazama watu, ambao wengine mikono yao ilikuwa bado iko vichwani.

"Ulisema hapo tu."

"Nilisema."

"Jeneza likiingia."

"Ndiyo, mama."

"Na hapa jeneza liko wapi?"

Mikono ikaanza kushuka, mmoja baada ya mwingine, watu wakitazama vidole vyao vya miguu. Mama Loveness akapita mbele yao polepole. Akasimama mbele ya kijana mwenye vumbi la karasha kwenye kope, yuleyule aliyejigaragaza baa.

"Wewe nakujua," akamwambia bila ukali. "Amosi alipofukiwa, ulichimba kwa mikono mpaka kucha zikakutoka. Nilikufunga vidole kwa kitambaa changu. Vimepona?"

Kijana alificha mikono nyuma. "Vimepona, mama."

"Ahsante Mungu. Sasa ulikuwa unaviweka kichwani kufanya nini?"

Kijana akaketi chini, pale pale mavumbini, kama aliyekatwa miguu.

Ngusa alikuja kwa magoti. Machozi yalichimba mifereji kwenye unga.

"Mama, nipige. Mimi ndiye."

"Nyamaza," Mama Loveness akasema. "Usilie mbele yangu. Nilikusikia ukilia kule Shinyanga, nikakuombea. Sitaki kukusikia tena."

Akamgeukia Zuhura. Alikuwa anataka kumwambia neno, na Zuhura, aliyekuwa amesubiri matusi, aliona kwamba halikuwa tusi. Lilikuwa jambo zito kuliko tusi. Midomo ilishafunguka.

Halikutoka.

Kwa sababu kutoka nyuma ya mialo, upande wa maduara, ulisikika mwano.

Sauti moja, nyembamba, ya mwanamke. Kisha ya pili. Kisha wanaume wakapokea, kwa mbali, maneno hayasikiki.

Uwanjani hakuna aliyeinua mguu.

Watu wakatazamana. Mmoja akacheka puani. "Kimbunga nao! Kumbe wameficha spika zao kule!"

Kicheko kikapita, kicheko cha nafuu, cha watu waliofurahi kuondolewa aibu. "Wajanja hao!" Mchezaji wa Kimbunga akaapa kwamba hawana spika. Wakamcheka zaidi. Mbele ya safu, msichana mmoja akarudisha mikono kichwani, kiuno kikaanza kutafuta mdundo.

"Ngusa," Zuhura akanong'ona, "ile ni mashine?"

Ngusa alikuwa bado magotini, kichwa kimeinama upande mmoja. Sikio lile alilifundisha Zuhura mwenyewe.

"Mwalimu," akasema, "mashine haivuti pumzi katikati."

Mama Loveness hakusubiri sikio la mtu. Alishageuka, akaikaza kanga kiunoni, akaanza kukimbia peku kuelekea maduara, ambako vumbi jekundu lilikuwa linapanda juu ya miti, nene, bila upepo. Zuhura akamfuata, waya ukiburuzika nyuma yake. Selestine akaipiga teke pikipiki yake.

Uwanja wote ulibaki umesimama, ukisubiri ngoma ianze.